Gereji isiyo na kibao: Honda CG125 yangu mikononi mwa mafundi wa Gerezani

Gereji hii ya Gerezani, jijini Dar es Salaam, haina kibao. Utaitambua kwa matangi matatu ya pikipiki yaliyoning'inizwa juu ya mlango kama mikungu ya ndizi. Niliwapelekea Honda CG125 niliyorithi kwa mjomba wangu, aliyekuwa bwana shamba, nikitaka igeuzwe kafe resa, yaani mtindo uliovuma Uingereza katika miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakikutana Ace Cafe jijini London na pikipiki walizozivua kila kisichoongeza mwendo, usukani ukiwa umeshushwa na siti imebaki ya mtu mmoja.

Fundi mkuu, mzee ambaye vijana wake humwita Baba, alisikiliza matakwa yangu yote kisha akakataa karibu nusu yake. Nilitaka mkia wa fremu ukatwe. Akanionyesha mahali shokapu za nyuma zinapofungwa, akasema kwamba akikata hapo bila kuchomelea bomba la kuunganisha pande mbili, fremu itaanza kujipinda. Nilitaka boksi la chujio la hewa liondolewe. Akajibu kwamba injini ingevuta hewa nyingi kuliko petroli na kuchemka, isipokuwa abadilishe jeti ya kabureta, yaani kile kitundu kinachopima petroli, na jeti ya kufaa hakuwa nayo. Hata rangi nyeusi hakuipuliza mpaka nilipomhakikishia kwamba nitakwenda TRA, mamlaka ya mapato, kurekebisha kadi ya pikipiki, iliyoonyesha kwamba rangi yake ni nyekundu. Niliudhika wakati ule. Leo naona kukataa kwake huko ndiyo sifa kuu ya gereji hii, kwa maana mjini hapa hukosi fundi wa kukukatia chochote mradi umelipa.

Kazi ya tangi ndiyo iliyonishika. Alinipa kipande cha sumaku kilichotoka kwenye spika mbovu, akaniambia nikipitishe polepole ubavuni mwa tangi. Sumaku ilishika, ikashika, halafu karibu na mahali pa goti la kushoto ikadondoka: chini ya rangi palikuwa na puti nene, kazi ya fundi wa zamani aliyefukia bonde badala ya kulinyanyua. Baba aliikwangua yote, akalisuuza tangi, akalijaza maji kabla ya kusogeza moto karibu nalo, kisha akachomelea vijiti na kuvivuta kidogo kidogo mpaka bati likarudi. Kutu ya ndani ilitolewa kwa siki na kokoto ndogo, vijana wawili wakilitikisa tangi kwa zamu.

Injini haikudai mengi. CG iliingia sokoni mwaka 1976 ikiwa imeundwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na kucheleweshewa sevisi, na ndiyo maana kemshafti yake, ile shafti inayofungua valvu, iko chini na valvu husukumwa kwa vijiti, bila taiming cheni ya kulegea. Kwa kuwa pikipiki nyingi za Kichina za bodaboda zimefuata muundo huo, pete za pistoni zilipatikana Kariakoo siku hiyo hiyo, ingawa Baba alizipima kwanza ndani ya silinda. Nilipotoka kuijaribu kwenye Daraja la Tanzanite aliifungua plagi, akaiona ina rangi ya karanga za kukaanga, dalili kwamba injini inachoma petroli sawasawa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Manung'uniko ninayo. Niliahidiwa wiki tatu zikawa saba, na kila nilipopiga simu niliambiwa rangi haijakauka, kana kwamba tunaishi kwenye baridi ya Makete. Siti waliyoishonesha Keko inapendeza kuitazama, lakini ukifika nayo Mbagala kiuno kinakuwa kimeshakata tamaa. Ufundi peke yake ulinigharimu shilingi 600,000, spea mbali, nami sioni kuwa nilionewa.

Kubwa zaidi lilikuwa waya wa klachi, ambao baada ya usukani kushushwa ulibaki mrefu, ukajikunja na kuwa mzito, hata foleni ya Ubungo ikaniacha na vidole vilivyokufa ganzi. Niliirudisha pikipiki Jumatatu. Baba aliukata waya, akauyeyushia kichwa kipya cha madini ya risasi huku nikisubiri kwenye benchi, na hakunitoza kitu.