Nyumba iliyochorwa kwa ajili ya sola: uzoefu wangu wa miaka 2

Nilimlipa msanifu majengo anichoree nyumba ya kutumia sola tangu kwenye msingi, si ile ya kumaliza kujenga ndipo fundi apande kutafuta pa kubandika paneli. Huu ni mwaka wa pili naishi humo. Kazi yake naipa nyota 4 kati ya 5.

Siku ya kwanza nilikwenda na hesabu zangu za wati na betri. Hakuzigusa. Aliniuliza jua linachomozea upande gani wa kiwanja, na mti wa jirani una urefu gani. Nyumba akailaza mashariki-magharibi, ili kuta fupi ndizo zipigwe na jua la asubuhi na la jioni. Jua likiwa chini hivyo, upenu haulizuii. Madirisha makubwa akayaweka kwenye kuta ndefu, chini ya upenu mpana. Mchana siwashi taa, feni naiwasha kwa nadra, na paneli 6 zinanitosha pale nilipokuwa nimepanga kununua 10.

Paa lina upande mmoja mpana unaotazama ikweta, hauna bomba wala chochote kilichochomoza. Paneli zimeinuliwa sentimita 12 juu ya bati. Nilidhani ni mbwembwe za fundi. Kumbe paneli ikishapata joto zaidi ya nyuzi 25, nguvu yake hupungua kwa takribani asilimia 0.3 hadi 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi, na bati la saa saba mchana kila mtu analijua. Hewa ikipita chini, zinapoa kidogo.

Nyota moja imeondoka na tangi la maji. Kwenye mchoro wa mabomba mnara wake upo. Kwenye mchoro wa paa haupo, na hakuna aliyeiweka michoro hiyo pamoja, mimi nikiwemo. Ikifika saa tisa alasiri kivuli kinalala juu ya paneli mbili, na kwa kuwa zote zimeungwa moja nyuma ya nyingine kama mabehewa, safu nzima inashuka. Miezi mitatu nilikuwa namlaumu bure fundi wa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani.

Nilipompigia msanifu alikuja siku ya pili, akasimama uani mpaka kivuli kikafika, akakubali kosa. Mnara tumeuhamishia nyuma ya nyumba, gharama nusu kwa nusu.