Uzoefu wangu: kupandisha na kushusha sauti taratibu kwa Audacity

Mimi hurekodi masimulizi ya wazee wa Pumwani na Majengo, hapa Nairobi, nikayahariri na kuwapelekea jamaa zao kwa WhatsApp. Programu ninayotumia ni Audacity. Ni ya bure. Ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kwa juhudi za Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, na mwaka 2000 ikatolewa kwa umma. Ina mengi, lakini kwangu kuna moja linaloipa thamani kuliko yote: inakuwezesha kubadilisha ukubwa wa sauti kidogo kidogo, mpaka anayesikiliza asijue kuna mkono uliopita hapo.

Wazee hawaongei kwa kipimo kimoja. Mzee huanza kwa nguvu, akikutajia nani alijenga nyumba ipi na nani aliozesha wapi. Kadiri anavyozama katika kumbukumbu, sauti inapungua, anaegemea kiti, na maikrofoni inabaki mbali na mdomo wake. Ukija kusikiliza nyumbani unakuta dakika za mwisho ni mnong'ono, na mara nyingi jambo lenye uzito amelisemea hapo. Ukiipandisha rekodi nzima kwa pamoja, mwanzo unapasuka. Ukikata kipande cha mwisho na kukipandisha peke yake, msikilizaji anasikia kama mtu mwingine ameingia chumbani. Kinachotakiwa ni sauti ipande polepole kwa kasi ileile ambayo mzee alikuwa akishuka.

Wengi huanzia kwenye menyu ya efekti, penye Fade In (kupandisha sauti kutoka kimya) na Fade Out (kuishusha hadi kimya). Unachagua kipande, unabonyeza, kazi imekwisha. Kwa kufunga sekunde moja mbili za mwisho zinatosha kabisa. Kwa kipande kirefu sizipendi, na sababu yake inafaa kueleweka. Fade Out hushusha wimbi la sauti kwa mstari ulionyooka. Chukua muziki wa sekunde 10. Sekunde ya 5 wimbi limebaki nusu, yaani limeshuka desibeli 6 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sekunde ya 9 limebaki sehemu moja ya kumi, ambayo ni desibeli 20 chini. Safari yote iliyosalia hadi kimya kabisa inabebwa na ile sekunde moja ya mwisho. Lakini sikio halipimi kwa mstari, linapima kwa uwiano, na kwa kawaida sauti inahitaji kushuka desibeli 10 hivi ndipo mtu aseme imepungua nusu. Kwa hiyo muziki unausikia upo, upo, halafu unatumbukia. Upande wa Fade In ni kinyume chake: sauti inachomoza mapema mno, kisha sehemu kubwa ya muda haionekani kubadilika.

Studio Fade Out ina mkunjo laini zaidi na muziki unaondoka kwa adabu. Kuna pia Adjustable Fade, ambayo naiheshimu sana, kwa kuwa si lazima ianzie au iishie kimya. Unaweza kuiambia itoke asilimia 100 hadi 40, kwa asilimia au kwa desibeli, na ukachagua umbo la mkunjo. Ukijua hasa unataka nini, inakupa. Ila efekti hizi zote hubadilisha rekodi yenyewe. Unaweza kurudi nyuma wakati mradi uko wazi, lakini ukishaufunga, historia ya kurudi nyuma inapotea.

Hapo ndipo Envelope inapozishinda. Si efekti, ni zana, na unaifikia kwa kubonyeza F2. Ukiichagua, traki, yaani ule ukanda wa rekodi kwenye skrini, inazungukwa na mistari minene juu na chini. Unabofya mahali unapotaka badiliko lianze, inatokea nukta; unabofya mbele tena, nyingine; unavuta ya pili chini au juu, na sauti kati ya hizo mbili inateremka au kupanda yenyewe, mithili ya mtu anayepunguza utambi wa taa. Nukta usiyoitaka unaiburuta hadi nje ya traki, inafutika. Kati ya nukta na nukta programu haichori mstari ulionyooka wa wimbi. Inakwenda kwa desibeli, yaani kwa uwiano, ndiyo maana mteremko wake sikio linaupokea vizuri kuliko ule wa Fade Out. Na rekodi ya mzee haijaguswa. Faili ya mradi, ile ya aup3, inahifadhi nukta zote, kwa hiyo mjukuu wake akisema babu bado hasikiki pale mwisho, naifungua na kuinua nukta moja tu. Klipu, yaani kipande cha rekodi, ukiihamisha, nukta zinahama nayo.

Kwa mzee aliyefifia, huwa naweka nukta chache, mbalimbali, penye pumzi. Nukta nyingi zilizobanana huifanya sauti iyumbe, na msikilizaji huchoka bila kujua kwa nini.

Kwa muziki wa chini ya maneno, nina msimamo mmoja: uanze kushuka kabla msemaji hajafungua kinywa, na ukirudi urudi polepole kuliko ulivyoshuka. Audacity ina Auto Duck inayofanya kazi hiyo yenyewe. Unaweka muziki juu na traki ya sauti ya mtu chini yake, nayo inaushusha muziki kila mara mtu anapoongea. Kipimo chake cha kuanzia ni kuushusha desibeli 12. Kwa tangazo ni nzuri. Kwa wazee hapana. Mzee akinyamaza kutafuta jina la jirani wa zamani, kile kimya ni sehemu ya masimulizi, na muziki haufai kuja kukijaza. Kweli, unaweza kurefusha muda ambao efekti inasubiri kabla ya kuupandisha muziki, lakini vimya vya mtu havilingani. Mimi naweka nukta kwa mkono.

Kuna ambalo Envelope haiwezi, na anayerekodi Nairobi atakutana nalo mapema. Honi ya matatu ikilia katikati ya maneno mawili, unaishusha pale katikati na hakuna atakayegundua. Ikilia juu ya neno lenyewe, ukiishusha unalishusha na neno. Mvua ikianza kugonga mabati wakati mzee anapunguza sauti, ukimpandisha yeye unaipandisha na mvua. Zana hii hubadilisha ukubwa, haitenganishi sauti na sauti. Vilevile kila kitu ni kuburuta kwa kipanya. Hakuna pa kuandika kwamba nukta hii iwe desibeli 7 chini, wala huwezi kushika nukta kadhaa na kuzisogeza pamoja. Kwa kazi inayohitaji vipimo kamili, Adjustable Fade ndiyo ya kutumia.

Jambo la mwisho ni namna ya kukagua. Hedifoni nzuri hukuonyesha kila mteremko, lakini wanaopokea masimulizi haya huyasikilizia spika ya simu, jikoni au ndani ya matatu. Muziki unaosikika laini kwenye hedifoni unaweza kupotea kabisa kwenye simu, na mnong'ono unaoeleweka chumbani ukamezwa na injini. Kwa hiyo natoa faili ya majaribio, naiweka kwenye simu, naisikiliza nikiwa safarini kwenda mjini, na dakika ambazo maneno yamenipotea naziandika. Jioni nafungua mradi, nabonyeza F2, nainua nukta za dakika hizo, kisha ndipo naituma kwa familia.