Ofisi ya transkripti: nyota tatu, mbili ni za mama wa dirisha la pili

Nimemaliza uzamili hapa Nairobi, na transkripti yangu, yaani karatasi rasmi ya alama zangu, nimeipata baada ya safari tano za matatu kutoka Umoja. Tatizo lilikuwa somo moja la takwimu: penye alama palikuwa na kistari tu, ilhali mtihani niliufanya na orodha ya mahudhurio niliitia sahihi. Kila dirisha lilinituma kwa jingine. Mama wa dirisha la pili ndiye aliyefungua faili, akapitisha rula chini ya jina langu, akasema, “Mwanangu, alama yako hii hapa, 64. Haikuingizwa.” Nusura nilie.

Na 64 si haba. Kwetu 70 kwenda juu ni A, 60 hadi 69 ni B, na kwenye uzamili ukipata chini ya 50 umeanguka, hata kama shahada ya kwanza 40 ingekuvusha. Anayeisoma 64 kule Marekani bila maelezo anaweza kudhani umeponea chupuchupu. Kwa hiyo kagueni kama ufafanuzi wa alama umechapishwa nyuma ya karatasi. Yangu inao, unasomeka vizuri, na muhuri umekolea. Lakini kistari kile kilinipotezea wiki sita za maombi ya ufadhili, na hakuna aliyeniomba radhi.