Grand National sebuleni: Jumamosi yetu na Baba, saisi wa zamani wa Ngong

Ninachokitolea maoni hapa ni matangazo ya moja kwa moja ya Grand National, mbio kubwa za farasi za kuruka viunzi, Jumamosi tarehe 5 Aprili 2025, yaliyorushwa bure kwenye runinga hapa Uingereza. Tuliyatazama nyumbani Leicester, watu sita: mimi, mume wangu, watoto wetu watatu, na Baba, aliyekuja kutoka Nairobi kufunga Ramadhani pamoja nasi. Idi ilikuwa imepita siku chache tu, na Baba alishaanza kufunga zile siku sita za Shawwal, kwa hiyo sahani ya kaimati ilizunguka sebule nzima ikimruka yeye.

Nianze na ushauri wangu. Mwenye watoto awatazamishe, ila asiwaache peke yao mbele ya runinga akaenda jikoni. Kipindi hiki kina mambo yanayohitaji mtu mzima kando.

Baba alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong kwa miaka mingi. Tulikaa Kibera, naye alitoka kabla ya adhana ya alfajiri, akarudi nguo zikinuka nyasi kavu na jasho la farasi, na sisi tukamkimbilia vivyo hivyo. Maisha yake yote kati ya watu wanaobeti, hajawahi kununua tiketi hata moja. Alikuwa akisema riziki yake imo kwenye brashi. Basi kukaa naye kutazama mbio kubwa kama hizi ni jambo nililolitamani tangu nihamie huku.

Kwa kuwa kamari nyumbani kwetu haipiti mlango, tulifanya kura yetu bila senti. Kijana wangu mkubwa aliandika majina ya farasi wote 34 kwenye vipande vya karatasi, akavitia kwenye sufuria. (Zamani walikuwa 40, walipunguzwa mwaka 2024 kwa ajili ya usalama.) Kila mtu akaokota matano. Manne yakabaki, tukasema hayo ni ya jirani yetu, bibi mmoja wa Kiingereza anayetuletea rhubarb, yale mabua machachu, za bustanini kwake. Zawadi ilikuwa sahani ya kaimati zenye shira. Nawapendekezea sana mchezo huu, maana mtoto akishakuwa na farasi wake, hata kitinda mimba wa miaka mitano anatulia kwenye kochi.

Matangazo yalianza mchana, yakapitia mbio ndogo kadhaa kabla ya ile yenyewe saa kumi jioni. Sehemu iliyonifurahisha mapema ni walipoeleza viunzi. Mbio hizi ni za karibu kilomita 7, mizunguko miwili ya uwanja wa Aintree, Liverpool, na viunzi 30 vya kuruka. Kwenye picha ya mbali vinaonekana kama ua wa kawaida uliokatwa vizuri. Kamera iliposhushwa mpaka usawa wa majani, nikaona ukubwa wake. Kile kiitwacho The Chair kinapita mita moja na nusu, na farasi hukiruka mara moja tu. Becher's Brook kimepewa jina la Kapteni Martin Becher, aliyeanguka na kutumbukia kwenye kijito pale mwaka 1839. Watoto walitaka picha irudiwe. Baba, ambaye mbio nyingi alizozijua ni za tambarare, zisizo na viunzi, alitikisa kichwa tu.

Kisha wakafika pale farasi wanapozungushwa kabla ya kutoka uwanjani, na hapo ndipo nilipoudhika. Baba alisogea mbele mpaka magoti yakagusa meza. Alikuwa anatazama masikio. "Yule anasikiliza, huyo sawa. Mwone yule wa kahawia, jasho jeupe limetoka mapajani. Anajichosha kabla ya safari." Mtoto wangu wa kati, wa miaka minane, alikuwa amejibanza ubavuni mwake akifuata kidole. Mara picha ikahama, tukaonyeshwa kofia na magauni, halafu watu wanaosoma bei za kubeti, kisha matangazo ya biashara, nayo ni ya kubeti vilevile. Tuliporudishwa kwa farasi walikuwa wanaondoka. Mimi ningeomba dakika kumi kamili za farasi wakitembea, na mtu anayejua kama Baba akituambia tunatazama nini. Badala yake mwanangu wa miaka 13 alimaliza mchana anajua kwamba 33 kwa 1 maana yake pauni moja inaleta 33. Mambo ya kwato hakufundishwa. Jambo hili linanikera kweli, na ndilo lililonifanya niondoe nyota moja kati ya tano.

Mbio zenyewe, nyota zote. Dakika tisa na ushee, na sikuona hata mmoja wetu akimeza kaimati. Kamera za pembeni zinakimbia sambamba na kundi kiasi cha kusikia pumzi na kwato. Mtangazaji anataja majina ya farasi 34 bila kujikwaa. Mtoto ambaye farasi wake yuko nyuma kabisa atalisikia jina lake angalau mara moja. Broadway Boy alianguka vibaya akiwa anaongoza mzunguko wa pili, nikamfunika kitinda mimba macho nikiwa nimechelewa. Halafu yule wa miaka minane akapanda juu ya kochi, kwa sababu Celebre d'Allen, karatasi yake mwenyewe, farasi wa miaka 13 ambaye hakuna aliyemtaja mchana kutwa, alikuwa mbele na mwisho unakaribia.

Hakushinda. Aliishiwa nguvu, wakampita. Aliyeshinda ni Nick Rockett, mbele ya I Am Maximus, mshindi wa mwaka uliotangulia, na Grangeclare West akawa wa tatu. Wote watatu wanafunzwa na mtu mmoja, Willie Mullins wa Ireland, na aliyekuwa mgongoni mwa mshindi ni Patrick, mwanawe, ambaye hata si mpanda farasi wa kulipwa. Kipaza sauti kilipomfikia Mullins, mzee yule hakuweza kusema. Alilia. Nawapa pongezi waliokuwa kwenye mitambo, kwa sababu hawakumkimbiza. Walimwacha alie.

Baba alivua kofia yake akaiweka gotini.

"Yule juu ya farasi ni mwanawe?"

"Ndiyo, Baba."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumzaa."

Hakuuliza tena. Baadaye tulielezwa habari za mwenye farasi, Stewart Andrew, ambaye mkewe Sadie alifariki kwa saratani mwaka 2022, siku chache baada ya kumwona Nick Rockett akikimbia kwa mara ya kwanza. Mume wangu alitoka kwenda kuweka chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Na ile karatasi ya Nick Rockett? Ilikuwa kwenye sufuria, kati ya yale manne. Watoto walibishana kidogo, kisha wakapeleka sahani kwa jirani wenyewe.

Kasoro yangu ya pili ni hii. Celebre d'Allen alianguka uwanjani baada ya kusimamishwa na mpandaji wake, na sisi tulisubiri mno kuambiwa hali yake huku sherehe ikiendelea. Mtoto wa miaka minane hawezi kungoja namna hiyo. Aliyemsaidia ni Baba. Farasi waliomaliza walipokuwa wakimwagiwa ndoo za maji, alimweleza kwamba mnyama akitoka mbioni damu inachemka, kwamba kazi ya saisi inaanza hapo wakati watu wote wanatazama kikombe, na kwamba bila shaka kuna mtu yuko na yule farasi wake wakati huu, amemshika kichwa. Maneno hayo kipindi kingeweza kuyasema chenyewe.

Basi nyota nne. Mwakani tutafungua runinga saa tisa na nusu, si mapema zaidi, na sauti itazimwa kila bei za kubeti zikianza. Mwenye watoto wadogo sana awapeleke bustani.

Jumanne habari ilitoka kwamba Celebre d'Allen amekufa. Nilimwambia mwanangu mwenyewe, kabla hajasikia shuleni. Akauliza kama babu anajua. Babu alikuwa nje anafagia majani, akamwita. Walikaa kwenye ngazi ya nyuma, sijui waliongea nini, mpaka simu ilipoadhini Magharibi. Baba akatoa tende mbili mfukoni, moja akampa yeye.