Riwaya au utenzi kabla ya kulala
Mwezi wa Desemba hapa Stockholm jua huzama kabla ya saa tisa alasiri, na nikishawalaza watoto hubakiwa na dakika chache tu za kusoma. Riwaya ya Peponi, tafsiri ya mwaka 2022 ya kitabu cha Abdulrazak Gurnah, hunichukua pamoja na Yusuf kutoka pwani hadi bara, lakini usingizi ukinikatiza hulazimika kesho yake kurudi nyuma. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, una beti za vipande 4 vyenye mizani 8 kila kimoja, kwa hiyo hata beti tatu hunitosheleza. Tena ni wosia wa mama mgonjwa kwa bintiye, nami huusoma nikisikia pumzi za wangu chumba cha pili. Majira haya nachagua utendi.