Kitandiko cha chini ya zulia kwenye sakafu ya tailizi: nilivyohangaika hadi Mama akaswali kwa amani

Mama aliteleza Ramadhani ya mwaka jana akivuka sebule kwenda kufungua mlango. Hakuvunjika, alhamdulillahi, aliwahi kushika mkono wa kochi. Lakini zulia lilikwenda naye karibu hatua nzima, na moyo wangu haukutulia tena. Nilikuwa nimetandika zulia la mita 2 kwa 3 juu ya tailizi zinazong'aa kama kioo, bila kuweka chochote katikati.

Tuko Tanga, nyumba ya chini, vyumba vyote tailizi isipokuwa kimoja. Zulia lenyewe ni la kiwandani, nyuzi za polipropilini, mgongo wake mgumu kama gunia. Mgongo wa namna hiyo haushiki kabisa kwenye tailizi, hasa pakiwa na vumbi. Na sisi ni watu wa kukaa chini. Tunakula hapo, watoto hulala hapo mchana, na Mama huswali hapo kwa sababu ndipo upepo wa dirishani unapofika. Nilitaka zulia lisitembee na pia liwe laini kidogo kwa magoti yake. Nilidhani kitu kimoja kitanipa yote mawili kirahisi.

Nilianza na sponji. Nilikwenda kwa fundi makochi akanikatia ya unene wa inchi moja. Siku ya kwanza kila aliyekaa alisifu. Wiki haikwisha, zulia likaanza kufanya mabonde, miguu ya meza ikazama, na kila ukipita unahisi kama unakanyaga godoro. Lililonitia hofu zaidi ni kumwona Mama akiinuka kutoka kwenye sijda: anaweka uzito mguu mmoja, sponji inabonyea, anayumba. Mtu mwenye magoti mabovu anahitaji chini pawe imara kwanza, ulaini baadaye. Tena ile sponji yenyewe iliteleza juu ya tailizi. Niliitoa, nikashonea mito.

Selotepu ya pande mbili sitaieleza sana. Ilishika siku chache, kisha maji ya deki yakaingia pembeni ikabanduka. Gundi ikabaki sakafuni, ikanasa vumbi, ikawa mistari myeusi. Nilisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa jioni nzima.

Jaribio la tatu lilikuwa wavu wa plastiki laini, ule wenye matundu matundu unaouzwa kwa mita, mzito kidogo kuliko ule wa kutandika kwenye droo za jikoni. Hapa sina budi kuusifu. Bei yake ni ndogo, unakatika kwa mkasi wa kawaida, matundu yanapitisha hewa, na zulia lilitulia siku hiyohiyo. Kwa zulia dogo la mlangoni au la pembeni mwa kitanda unatosha. Ila ni mwembamba, magoti ya Mama hayakupata nafuu yoyote.

Kipande kilichobaki nikakiweka chumbani kwangu chini ya zulia dogo, na huko ndiko nilikopata hasara. Chumba hicho hakina tailizi, kina kapeti la plastiki linalofanana na mbao. Baada ya miezi kama 5 nilinyanyua nifagie, nikakuta alama za matundu yote zimejichora sakafuni, rangi ya manjano iliyokolea. Sabuni haikutoa, jiki haikutoa. Plastiki laini huwa na mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo hutoka polepole yakaingia kwenye plastiki nyingine iliyoigusa. Mpira nao unaweza kuacha doa la manjano kwenye sakafu za plastiki. Tailizi ni udongo uliochomwa motoni ukapakwa kioo juu, hazinywi mafuta hayo, ndiyo maana sebuleni hapakuwa na alama hata moja. Laiti ningejua! Kwa hiyo kabla ya kuangalia zulia lako, angalia sakafu yako. Kama ni ya plastiki au mbao iliyopakwa vanishi, usinunue mpaka usome kwenye lebo kwamba kitandiko kinafaa kwa sakafu ya aina hiyo.

Ninachotumia sasa nililetewa na dada yangu anayeishi Muscat. Ni tabaka mbili: juu feliti, yaani nyuzi zilizoshindiliwa zikawa kama blanketi gumu, na chini mpira wa asili. Unene wake ni milimita 6. Feliti haibonyei kama sponji, inapokea uzito bila kuzama, na mpira unang'ang'ania tailizi. Gharama ilifika karibu nusu ya bei ya zulia, na sijutii hata shilingi moja.

Namna ya kukiweka ina umuhimu wake. Nilikikata sentimita 195 kwa 295, ili kila upande zulia lizidi kwa sentimita 2 na nusu. Ukikiacha kilingane na zulia, kingo hubaki zimenyanyuka, na hapo ndipo kidole cha mguu hujikwaa. Mlango pia niliupima kwanza, kwa sababu zulia na kitandiko vikipandana, mlango unaofungukia ndani unaweza kukwama. Kisha nilipiga deki mara mbili na kuacha sakafu ikauke kabisa, maana mpira ukikutana na vumbi unapoteza nguvu. Upande wa mpira unakaa chini, nasisitiza, kwa kuwa jirani yangu aliugeuza na akalalamika kwamba kinateleza.

Kasoro zake zipo. Harufu ya mpira ilikaa wiki mbili. Ni kizito, siwezi kukikunja peke yangu. Maji yakimwagika, feliti inachelewa kukauka, na kwa unyevu wa masika huku pwani siwezi kukisahau: kila baada ya wiki mbili tunakunja nusu ya zulia, sakafu ipate hewa, kisha nusu nyingine. Juani sikianiki, jua hukausha mpira ukapasuka.

Mama sasa anainuka kutoka kwenye sijda bila kutafuta ukuta wa kushika. Kona ya karibu na mlango bado hunyanyuka kidogo, kwa sababu zulia lilikaa stoo limekunjwa. Nimeikunja kinyume na kuiwekea juu tofali mbili zilizofungwa kanga, na hadi ilale kabisa, Mama anapitia upande wa dirisha.