Matembezi ya Vienna Nyekundu: nendeni, ila mdaini mwaka 1934

Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa miaka mingi, na swali moja haliniachi: chama kilichozoea kutawala hujifunzaje kuishi mafichoni? Ndiyo maana nililipia matembezi haya ya kuongozwa, saa mbili na nusu kwa miguu, kuhusu Vienna Nyekundu: mji mkuu wa Austria ulipotawaliwa na chama cha Wasosho-demokrasia, kabla ya 1934.

Kiongozi alitupokea kituo cha Heiligenstadt, mkabala na Karl-Marx-Hof: jengo la zaidi ya kilomita moja, lenye nyumba 1,382. Hapa alistahili kila senti. Alifafanua kodi ya nyumba ya 1923 ya Hugo Breitner, msimamizi wa fedha wa jiji, iliyowabana wenye makasri na kuwagusa kidogo tu wenye vyumba viwili, na jinsi manispaa ilivyojenga nyumba zaidi ya 60,000. Tulimalizia kwenye jengo la zamani la wakazi la kufulia nguo, ambalo sasa ni makumbusho. Msilikose.

Lakini yaliyofuata Februari 12, 1934 yalipewa dakika kumi, na hilo liliniuma. Tayari mwaka 1926, kule Linz, mji mwingine wa Austria, chama hicho kiliandika kuwa kitashika silaha iwapo demokrasia itavunjwa. Bunge likafungwa Machi 1933. Viongozi wakasitasita karibu mwaka mzima. Wafanyakazi walipoinuka hatimaye, jeshi la Kansela Dollfuss, aliyekuwa akitawala bila Bunge, lilipiga mizinga kuta hizi hizi. Meya Karl Seitz akakamatwa, Otto Bauer, kiongozi wa chama, akakimbilia Brno, nchini Chekoslovakia, chama kikapigwa marufuku.

Waliobaki walijiita Wasoshalisti wa Mapinduzi. Hebu fikirieni: sisi makatibu tunaishi kwa daftari la wanachama, stakabadhi na muhuri. Ghafla daftari hilo hilo ndilo ushahidi wa polisi. Gazeti la chama, Arbeiter-Zeitung, sasa lilichapwa Brno na kuvushwa mpaka kwa siri. Katika kesi kubwa ya 1936 dhidi yao alikuwamo kijana wa miaka 25, Bruno Kreisky, ambaye mwaka 1970 alikuja kuwa kansela wa Austria.

Nilimuuliza kiongozi mbona haya yote kayaruka. Akasema wageni wengi hupenda usanifu wa majengo. Alipoona nimekazana, alibaki nami uani robo saa zaidi, akanieleza kwamba mwaka 1945 chama kilipofufuka kilibeba majina yote mawili, Wasosho-demokrasia na Wasoshalisti wa Mapinduzi. Robo saa hiyo ilinifaa kuliko matembezi yote.

Nawapa nyota nne. Mkiweka nafasi, waambieni mapema kwamba mnataka habari za mafichoni.